Mafuta ya Ngozi na Macho ya Watu

Je, mkristu akijipamba anatenda dhambi? Swali hili ni la zamani katika Kanisa, na kwetu halijakwisha. Mara kwa mara mhubiri anawakemea akina mama juu ya marashi na misuko yao, nao wanatoka kanisani wakichekeana, maana wameona kwamba mhubiri mwenyewe amenyoa ndevu vizuri na kichwa chake kinang'aa mafuta. Wako wanaosema: Mwili ni udongo, shughulika na roho. Wako wengine wanaosema: Mungu anapenda uzuri, kwa hiyo kila kinachomfanya mtu kuwa mzuri ni halali. Maneno hayo yote mawili yamepunguka. Wasomaji wapenzi, tuyapime polepole. Tutaanza na vitu vidogo vya nyumbani, yaani mafuta na sabuni, halafu tutafika kwenye jambo zito ambalo watu wengi hawapendi kulitaja mbele ya padri.

Tusikilize kwanza Injili. Bwana Yezu alipofundisha habari ya kufunga, hakuwaambia wanafunzi waache kuoga. Aliwaagiza wanawe uso na kujipaka mafuta kichwani kama siku nyingine, ili watu wasijue kwamba wanafunga. Kumbe kwake mafuta ni kitu cha kila siku, kama maji na mkate. Tena kule Betania, mwanamke alipommwagia manukato ya bei kubwa, watu walinung'unika wakihesabu dinari 300 zilizopotea, naye Bwana akamtetea yule mwanamke. Yudithi naye, siku aliyokwenda kwa Holoferne, alioga, akajipaka manukato, akatengeneza nywele zake, na Maandiko hayamlaumu hata kidogo.

Kanisa lenyewe ni mama mwenye mafuta. Linampaka mtoto siku ya ubatizo, linampaka kijana siku ya kipaimara, linampaka padri mikononi, linampaka mgonjwa kitandani. Zamani mafuta ya wagonjwa yalipaswa kuwa ya mizeituni tu. Mwaka 1972 Papa Paulo VI aliruhusu kwamba, pale mafuta ya mizeituni yanapopatikana kwa shida, yatumike mafuta mengine, mradi yawe ya mimea. Maana yake ni kwamba hata mafuta ya michikichi yetu yaweza kubarikiwa na kumpaka mgonjwa anayekaribia safari yake ya mwisho. (Vaselini haiwezi, kwa kuwa haikutoka katika mmea. Mapadri wajifunzao wanajua hilo, lakini mtu wa kawaida hushangaa akiambiwa.) Nasema haya ili tuone jambo moja: kupaka mwili mafuta si aibu, wala si kazi ya watu wa anasa. Mwili uliobatizwa ulianza ukristu wake kwa kupakwa mafuta.

Basi ngozi ni nini, na inataka nini? Ngozi ni ukuta wa nyumba ya mwili. Inazuia maji ya ndani yasitoke ovyo, na inazuia uchafu wa nje usiingie. Juu yake mna mafuta kidogo ambayo mwili unajitengenezea wenyewe. Sabuni kali inayaosha yote, na upepo wa kiangazi unamalizia kazi. Katika Lubumbashi, mwezi wa Juni na wa Julai, miguu inapauka kama imenyunyiziwa majivu, midomo inapasuka, na mtoto anajikuna usiku hata analia. Hapo kumpaka mtoto mafuta si urembo. Ni wajibu wa mama, kama vile kumfunika kwa kikwembe wakati wa baridi.

Tena wajibu huo haudai fedha nyingi. Kando ya ziwa Tanganyika, toka Uvira hata Kalemie, akina mama wanajua kwamba tunda la mchikichi, au mgazi kama wengine wanavyosema, lina mafuta ya namna mbili. Nyama ya nje inatoa mawese mekundu ya kupikia. Kokwa ya ndani ukiipasua unapata mise, nazo zinatoa mafuta mengine. Mise zinakaangwa, zinatwangwa, zinachemshwa katika maji, na mafuta yanayoelea juu yanaenguliwa. Kisha yanarudishwa motoni mpaka maji yote yaishe, na hapa wavivu ndipo wanapoharibu, sababu mafuta yenye maji yanachacha upesi na kunuka. Ukizikaanga mise sana, mafuta yanakuwa meusi na yenye harufu ya moshi. Ukizikaanga kidogo, yanabaki ya rangi nyepesi. Mafuta haya ni ndugu wa mafuta ya nazi: yanaganda wakati wa baridi, na yakigeuzwa sabuni yanatoa povu zuri.

Farmasi nayo ina vitu viwili vya bei ndogo ambavyo havipungukiwi na vile vya chupa za dhahabu. Cha kwanza ni vaselini. Historia yake ni ya unyenyekevu: ni mabaki ya mafuta ya ardhini. Wachimbaji wa petroli kule Marekani walikuwa wakifuta uchafu huo mzito kwenye vyuma vyao na kuupaka penye majeraha ya moto, mpaka Robert Chesebrough akausafisha na kupata hati ya serikali juu ya kazi hiyo mwaka 1872. Cha pili ni gliserini, ambayo huzaliwa kila mara mafuta yanapogeuka kuwa sabuni. Vaselini inafunga maji ndani ya ngozi, gliserini inayavuta. Gliserini ichanganywe na maji safi, isipakwe tupu. Na kwa mafuta yote kanuni ni moja: paka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta hayamnyweshi mtu maji, yanayafungia tu maji yaliyopo. Anayepaka juu ya ngozi kavu anafunga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Juu ya nywele nitasema machache. Nywele zetu zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya kichwa hayafiki kwa urahisi kwenye ncha, nazo zinakauka na kukatika. Zilainishwe kwa maji na mafuta kidogo, kisha zichanwe kwa kitana chenye meno mapana, kuanzia ncha kwenda shinani. Mafuta ya mbarika ni mazito na yanafaa kupunguza ukavu, ingawa hayaoteshi nywele kama wauzaji wanavyoapa. Tena msichana akisukwa asubuhi na kichwa kikimuuma hata usiku, asivumilie kama shahidi. Mizizi inavutwa, na msuko wa kubana ukirudiwa miaka mingi huacha paji la uso bila nywele, na pengine hazirudi tena.

Lakini neno «la nyumbani» lisitudanganye. Wako wanaosema kila kitu cha asili ni salama, kana kwamba sumu ya nyoka imetengenezwa katika kiwanda. Maji ya ndimu yakipakwa usoni, kisha mtu akatoka juani, yaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa ya miezi mingi. Dawa ya meno si dawa ya chunusi. Javeli ni ya kufulia mashuka na kusafishia choo, nayo isikaribie mwili wa mtu. Na anayetengeneza sabuni kwa soda kostiki aiweke mbali kabisa na watoto, kwa kuwa inatafuna nyama na kupofusha macho. Kutengeneza vitu nyumbani ni vizuri kama mtu anajua afanyalo. Asiyejua, heri anunue kipande cha sabuni dukani.

Sasa mtu atauliza: kama mafuta mazuri ya bei ndogo yapo, kwa nini binti yetu anaona haya kuonekana nayo? Kwa nini mise ni ya bibi kijijini, na kikopo chenye picha ya mwanamke mweupe ni cha mtu aliyestaarabika? Sehemu ya jibu imo katika historia. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilifanya mapatano na William Lever, Mwingereza mtengeneza sabuni, akapewa haki juu ya michikichi katika maeneo makubwa ya Kongo. Pale Kwilu ulijengwa mji wa Leverville, ambao siku hizi unaitwa Lusanga. Watu walishurutishwa kupanda miti na kukata mashada kwa malipo duni. Mwaka 1931 Wapende waliasi, na kazi hiyo ya mawese pamoja na kodi ni miongoni mwa sababu zake. Askari walituma risasi, na watu mamia wakafa. Mafuta mengi yakaenda ng'ambo. Halafu sabuni yenye karatasi nzuri na jina la kigeni ikawa kitu cha heshima mbele ya watu wale wale ambao mikono yao ilikata mashada. Ndivyo mtu anavyofundishwa kudharau kitu chake: kinatolewa nyumbani kwake, kinapewa jina jingine, kinauzwa kwake tena.

Na mtu aliyezoea kudharau mafuta yake, si ajabu akifika siku moja kudharau ngozi yenyewe. Hili ndilo jambo zito nililotaja mwanzoni: kujichubua.

Tueleze kwanza jinsi ilivyo. Weusi wa ngozi si uchafu wala si adhabu. Chini ya ngozi ya kila mtu, mweusi kwa mweupe, mna chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini, na hesabu ya chembe hizo karibu ni moja kwa watu wote. Tofauti ni katika wingi na namna ya rangi zinayotoa. Rangi hiyo ni mwavuli: inapokea jua kali kabla halijaharibu kilicho ndani. Wanaojichubua wanakunja mwavuli wao mchana wa saa sita.

Wanafanya hivyo kwa dawa za namna tatu hasa. Ya kwanza ni hidrokinoni, inayozuia ngozi isitengeneze melanini. Mwanzoni mtu anafurahi. Lakini akiendelea miaka, mashavu yake yaweza kupata weusi wa namna ya bluu ambao hauondoki kwa urahisi. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza ugonjwa huo mwaka 1975. Ya pili ni zebaki, ambayo huwekwa katika sabuni na krimu nyingine. Inaharibu mafigo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito anampitishia mtoto aliye tumboni. Ya tatu ni dawa za kortizoni, kama klobetazoli, ambazo mganga huzitoa kwa ugonjwa wa ngozi kwa muda mfupi. Zikipakwa mwili mzima mwaka hata mwaka, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inachanika mistari, kidonda hakiponi upesi, na pengine sukari na shinikizo la damu vinapanda. Mwanamke wa namna hiyo akipasuliwa hospitalini, mganga anapata shida kumshona.

Serikali nyingi zimeona. Afrika Kusini ilikataza hidrokinoni katika vipodozi mwaka 1990, nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2001. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwishoni mwa 2018 kupita madukani wakikamata krimu hizo. Juu ya zebaki, mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yalikataza vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki katika milioni baada ya mwaka 2020, na mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kwamba hata kiasi hicho kidogo kiondolewe. Lakini sheria iko katika karatasi, na kikopo kiko sokoni. Kwa hiyo kila anayejua kusoma ageuze kikopo na kutafuta maneno haya: hydroquinone, mercure, clobétasol. Kama hakuna maneno yoyote yanayoeleza kilichomo, hilo nalo ni jibu.

Sasa tuhukumu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, aliuliza kama mapambo ya wanawake ni dhambi ya mauti. Hakujibu kwa ghadhabu. Alisema mke aweza kujipamba ili ampendeze mume wake. Juu ya kujipaka rangi alisema ni namna ya kudanganya, lakini si kila mara ni dhambi kubwa, isipokuwa ikifanywa kwa ajili ya uasherati au kwa kumdharau Mungu. Tena akapambanua: kujifanyia uzuri usio nao ni jambo moja, na kuficha ubaya uliokupata kwa sababu nyingine, kama ugonjwa, ni jambo jingine, nalo ni halali. Basi mwenye kovu la moto anayelifunika kwa poda hana kosa. Kijana anayetibu chunusi zake hana kosa. Mzee anayetia rangi mvi zake, tumwache na mvi zake.

Wengi wangetaka tumalize shauri hapa na kusema: anayejichubua anamdanganya mtu na kumsahihisha Mungu. Mtakatifu Sipriani, askofu wa Kartago katika karne ya tatu, alisema karibu hivyo juu ya wanawake wa siku zake waliotia rangi nywele na nyuso. Kwa heshima yote ninayompa shahidi huyo, naona neno hili halitoshi. Tunasahihisha mambo mengi ya mwili bila kumtukana Muumba: tunakata kucha, tunanyosha meno yaliyopinda, tunamfanyia upasuaji mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka. Tukisema kila badiliko ni dharau, tutafunga hospitali. Na kuhusu udanganyifu, nani anadanganywa? Watu wa mjini wanacheka waziwazi wakisema: juu Fanta, chini Coca-Cola. Viungo vya vidole vinabaki vyeusi, na kila mtu anaviona. Uwongo ambao kila mtu anaujua si uwongo wa kawaida. Ni kitu kingine, na yatupasa kukitafuta jina.

Mimi nadhani ni kodi. Mwanamke analipa kwa ngozi yake kodi ambayo watu wengine wameiweka.

Angalieni kitabu cha Esta. Kabla msichana hajaingia kwa mfalme Ahasuero, alitengenezwa miezi 12: miezi 6 kwa mafuta ya manemane, miezi 6 kwa manukato na vitu vingine. Mwaka mzima kwa ajili ya macho ya mtu mmoja! Na hatusomi pahali popote kwamba wasichana waliulizwa kama wanataka. Hakuna mhubiri mwenye akili ambaye angesoma habari hiyo na kuwagombeza wasichana juu ya wingi wa manemane. Angemtazama mfalme.

Na kwetu mfalme ni nani? Ni kijana anayesema mbele ya rafiki zake kwamba anataka mchumba mweupe. Ni dada za bwana arusi wanaopima rangi ya bibi arusi kama watu wanaopima kitambaa dukani. Ni mwenye duka anayemweka mbele msichana wa rangi nyepesi na kumpeleka mweusi kupanga mizigo ghalani. Ni mwalimu wa korali ambaye, wapiga picha wakija siku ya sikukuu, anajua mara moja nani wa kusimama mstari wa kwanza. Ni bibi anayefunua blanketi ya mtoto mchanga na kusema, «Huyu amechukua rangi ya baba yake,» kwa sauti ya kutoa pole. Ni baba anayemtania binti wa miaka 6 kwa jina la makaa, akidhani ni mchezo. Binti huyo akifika miaka 18 na kununua kikopo, watu wanashangaa ametoa wapi mawazo hayo.

Kristu alisema maneno makali sana juu ya mtu anayemkwaza mmoja wa wadogo hawa, na jiwe la kusagia likatajwa. Siku zote tumezoea kuyatumia maneno hayo kwa walevi na wazinzi. Naona yanawahusu pia wenye macho ya namna hii.

Nasi wa Kanisa tusijitoe katika hesabu. Makanisa yetu yalipata sanamu za plasta kutoka Ulaya, na kwa miaka mingi mtoto wa Kongo alipiga magoti mbele ya Bikira mwenye mashavu ya waridi. Silaumu wamisionari walioleta walichokuwa nacho. Walikuja pia na dawa na vitabu. Lakini tuseme kweli kwamba sanamu inafundisha bila kutoa sauti. Kule Kibeho, katika Rwanda, Bikira Maria alipowatokea wasichana wa shule kuanzia tarehe 28 Novemba 1981, walimwuliza Alphonsine Mumureke rangi ya yule Mama. Alijibu kwamba hakuwa mweupe kama katika picha, na kwamba yeye hakuweza kusema ngozi yake ilikuwa ya rangi gani. Aliloweza kusema ni kwamba uzuri wake haukuwa na mfano. Askofu Augustin Misago aliyatambua matokeo hayo mwaka 2001. Katika maneno yote ya Kibeho, mimi hurudi mara nyingi kwa jibu hilo la msichana. Aliuona uzuri kwanza, na rangi hakupata hata namna ya kuitaja.

Mtu atanipinga: Je, anayejichubua hana neno la kujibu? Analo. Amri ya tano inalinda mwili wake mwenyewe pia, si mwili wa jirani tu. Akijua kwamba ana mimba na akaendelea kupaka zebaki, anamtia hatarini mtu ambaye hakuchagua. Akichukua minervali ya mtoto kununua krimu, ameiba nyumbani mwake. Hayo yote ni mambo ya kuungama. Lakini kumcheka barabarani si kumsaidia, ni dhambi ya pili iliyowekwa juu ya ile ya kwanza. Anacheka yule yule ambaye jana alisema anataka mchumba mweupe.

Na anayetaka kuacha asiache peke yake bila shauri, hasa kama alikuwa akipaka dawa za kortizoni. Ngozi iliyozoea dawa hiyo, ikinyimwa ghafula, huwaka, huwasha, huvimba na kuwa nyekundu, naye kwa hofu anarudia kikopo. Aende kwenye kituo cha afya, aseme kweli amepaka nini na miaka mingapi, ili mganga ampunguzie polepole. Siku hizo ajifunike na jua, apake vaselini tupu, na watu wa nyumbani wasimtazame kama mwenye ukoma. Rangi yake itarudi taratibu, pengine kwa madoa, na mume mwenye upendo atajua la kusema.

Hapa niwakumbushe watu ambao mara nyingi tunawasahau tunapozungumza habari za ngozi: ndugu zetu wenye ualbino. Wao walizaliwa bila ule mwavuli, au na mwavuli uliotoboka. Jua linawaunguza tangu utoto, na kansa ya ngozi inawaua wengi mapema. Wanahitaji kofia pana, mikono mirefu, kivuli shuleni, na mafuta ya kuzuia jua ambayo bei yake inawashinda wazazi wengi. Fikirini: katika soko moja mtu mmoja anatoa franga zake ili aondoe kinga yake, na mwenziwe hana franga za kununua kinga aliyonyimwa. Kama shirika la mtaa linataka kutoa sadaka ya Kwaresima juu ya jambo la ngozi, lianze na kofia za watoto hao.

Limebaki swali moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Tuseme kuna mama mjane mwenye meza sokoni. Ana watoto 4 shuleni. Mezani pake ana sabuni, vitana, nyuzi za kusukia, na vikopo 30 vya krimu ya kuchubua, ambavyo amevilipia tayari. Vikopo hivyo ndivyo vinavyompa faida, vitana havimpi kitu. Siku moja anasikia mambo tuliyoyasema hapa. Je, aweza kuuza vile vilivyobaki, kisha asinunue vingine?

Wengi watamjibu kwa huruma: Uza tu, mama, usipouza wewe atauza jirani. Jibu hilo ni la upendo, lakini si la kweli. Anayeuza kisu hana kosa kama mnunuzi anamwua mtu, maana kisu ni cha kukatia mboga. Lakini krimu ya zebaki haina kazi nyingine njema ambayo mnunuzi angeweza kuichagua. Inafanya kazi moja, na muuzaji sasa anaijua. Kwamba jirani atauza ni habari ya jirani. Basi asiuze, hata kimoja.

Lakini tukiishia hapo tumekuwa kama wale waliofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, wao wenyewe wasitake kuigusa kwa kidole. Nani alifanya vikopo hivyo viwe na faida? Si mjane. Ni macho yetu. Aliyevileta kwa makatoni kutoka ng'ambo ana hesabu kubwa kuliko yake, na mkaguzi aliyepokea bahasha ili makatoni yapite ana hesabu kubwa zaidi. Lakini hao hawaji kwenye mkutano wa shirika, na sisi tunakuja. Ni haki, wala si sadaka, kwamba hasara ya vikopo 30 igawanywe. Shirika limkopeshe mtaji bila riba anunue mafuta ya mise kutoka ziwani, vaselini, gliserini, sabuni nyeupe. Mtu anayejua kuandika amwandikie vibandiko safi, kwa kuwa mafuta ya bibi yakiwa katika chupa safi yenye jina, binti hataona haya kuyashika. Vikopo vile asivimwage mtoni ambapo watu wanateka maji, wala chooni. Avipeleke ofisi ya zoni ya afya. Faida yake itapungua, tumwambie hivyo wazi tangu mwanzo, na mwezi wa Septemba, minervali ikidaiwa, wale waliomshauri wawe bado wanakumbuka nyumba yake iko wapi.